Hotuba Elekezi Juu ya Lenzi Ndefu, Iliyotolewa Musoma na Mtaalamu Asiye na Mpinzani

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wapiga picha wa Musoma Mjini, wajumbe wa Bunda mliofika na Noah iliyopakia kupita kiasi, wageni wetu wa Butiama, na wewe mzee wa Kunzugu uliyekaa nyuma na fimbo yako: itifaki imezingatiwa. Naombeni simu zote zizimwe, isipokuwa za wale wanaonirekodi.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana naona Mwenyekiti hakujiandaa kulisema. Mimi ni Daktari Bingwa wa Lenzi Ndefu, Kanda ya Ziwa. Shahada hiyo nimejitunuku mwenyewe, baada ya kujitungia mtihani mgumu na kujisahihishia bila huruma. Hapa mezani mnaona kofia ya lenzi, nyeusi na pana. Msiniulize kilicho nyuma yake. Limbukeni huonyesha lenzi. Mtaalamu huweka kofia mezani, na wenye akili hujijazia wenyewe.

Mada yetu ni uteuzi wa lenzi ndefu ya kuvuta kwa picha za wanyamapori. Ni mada inayouhusu mkoa huu kuliko mkoa wowote. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na lango lake la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara ya lami iendayo Mwanza. Lango hilo nalifahamu kwa undani. Nimepita mbele yake kwa basi, kiti cha dirishani, upande unaotakiwa.

Sasa tujiulize: wanyama hawa wamepigwa picha na nani? Mjerumani Carl Georg Schillings aliwawashia flashi ya unga usiku, akatoa kitabu mwaka 1905. Akaja Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, na ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia. Ndege hiyo ilianguka Januari 1959 na kumuua Michael, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Akaja Hugo van Lawick, akaishi porini miaka na miaka. Wakati wote huo sisi tulikuwa kwenye sendoff na kipaimara. Sikidharau kipaimara, ni kazi ya heshima na ina pilau. Lakini bibi harusi hakimbii mbele ya kamera. Nimemjua mmoja tu aliyekimbia, na suala lake bado liko kwa wazee.

Kanuni ya kwanza: urefu. Naona kijana wa Bunda ana lenzi ya milimita 18 hadi 55. Pole sana, mura. Hiyo ni lenzi ya keki. Chukueni kalamu. Sensa kubwa ya kamera ina upana wa milimita 36. Gawanya 36 kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa mnyama; utapata upana unaoingia kwenye picha. Mnyama akiwa mita 100, lenzi ya milimita 100 inaona mita 36, yaani simba, kichaka chake, na gari la watalii lililokuzibia njia. Ya 400 inaona mita 9. Ya 600 inaona mita 6. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini ikisemwa kwa sauti nzito inakuwa ya chuo kikuu.

Wenye kamera za sensa ndogo msijione yatima. Kwenu lenzi ya 400 huona karibu eneo lile lile ambalo ya 600 huliona kwenye sensa kubwa. Msidanganywe, hata hivyo, kwamba lenzi imerefuka. Kingo za picha zimekatwa, basi. Muujiza huu nimewahi kuufundisha kwa ada ya semina mbili.

Kanuni ya pili: mwanga. Mnunuzi mshamba husoma namba ya kwanza kwenye lenzi, 600, akatoa pesa. Mimi husoma namba ya mwisho. Ukiona f/6.3, gawanya 600 kwa 6.3, utapata tundu la mwanga la milimita 95. Ukitaka f/4, tundu linakuwa milimita 150, na kioo cha kujaza tundu hilo kinauzwa zaidi ya dola 12,000. Kwa fedha hizo mtu ananunua kiwanja, anapiga matofali, na bado anabaki na hela ya kupiga picha msingi.

Ndiyo maana Mungu alituletea lenzi za kuvuta. Tamron walitangaza 150-600 yao mwishoni mwa 2013, Sigma wakajibu mwaka 2014 kwa mbili kwa mpigo, na mlango wa wanyonge ukafunguka. Sony wakaleta 200-600 mwaka 2019. Nikon wakaleta 180-600, na Canon 200-800, mwaka 2023. Nyingi kati ya hizi ziliingia sokoni kwa dola 1,000 hadi 2,000. Dola 2,000 ni karibu milioni tano za kwetu kabla ushuru haujasalimia. Lakini hiyo ya Canon, ukiivuta hadi mwisho, ni f/9. Mchana wa jua kali pale Ndabaka haina neno. Ipeleke kwenye msitu wa kando ya mto Grumeti umtafute mbega, mnyama mweusi kwenye kivuli cheusi, utarudi na picha ya chenga tupu. Na yule atakayekuuzia kirefushi cha kuchomeka nyuma ya lenzi, mwambie umehudhuria hotuba yangu: kirefushi cha mara 1.4 kinageuza f/6.3 kuwa f/9, na cha mara mbili kinaifikisha f/13. Unarefusha lenzi huku unafunga dirisha.

Kwa wenye tamaa isiyo na mipaka, Sigma waliwahi kutengeneza lenzi ya kijani ya 200-500 yenye f/2.8, uzito wake kilo 15.7, betri yake ndani. Mimi naiheshimu sana. Mpaka uwe umeifunga kwenye stendi, nyumbu wamevuka mto, wameoa, na wameanza safari ya kurudi.

Kanuni ya tatu: utulivu. Lenzi ya 600 inakuza mnyama na inakuza pia tetemeko la mkono wako. Ukipiga kwa mkono, mwendo wa shata usishuke chini ya sehemu moja ya 600 ya sekunde. Mnyama akikimbia, nenda sehemu moja ya 1,600 au zaidi. Kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza wewe, hakimtulizi nyumbu. Dereva azime injini, maana gari linalonguruma linatingisha picha hata kama limesimama. Hifadhini hushuki garini kusimika stendi unapotaka, kwa hiyo dirishani weka mfuko wa maharage, lenzi ilale juu yake. Hapa natoa tahadhari kwa wajumbe wetu: maharage ya watalii hubaki maharage mpaka mwisho wa safari, ya kwetu jioni yanakuwa mboga. Siku ya pili lenzi haina pa kulala.

Kanuni ya nne: hewa. Ikifika saa tano asubuhi, ardhi ya tambarare inachemka na mazigazi yanacheza. Pundamilia wa mita 300 anageuka uji, na hakuna lenzi duniani, hata ile ya kijani, inayoweza kuukausha uji huo. Piga alfajiri, piga jioni, mchana lala. Vumbi nalo lina siasa zake. Lenzi inayorefuka unapovuta inavuta na hewa ndani, na hewa ya barabara ya vumbi ni vumbi. Ile 200-600 ya Sony na 180-600 ya Nikon huvutia ndani kwa ndani bila kurefuka; kwa mazingira yetu hilo ni jambo la kulipia.

Mwalimu wa sekondari pale mbele ameniuliza kuhusu watafiti waliofunga kamera 225 za kujipiga zenyewe Serengeti kuanzia mwaka 2010, zikaleta picha zaidi ya milioni tatu bila lenzi ndefu hata moja. Nashukuru kwa swali, ingawa silipendi. Kamera zile zilikaa mahali mnyama anapopita, mchana na usiku, zikamngoja. Hilo si upigaji picha. Hiyo ni subira, na subira haina digrii.

Kuhusu mazoezi. Musoma, shukeni mwalo wa Mwigobero asubuhi: yangeyange wapo, kongoti wapo, na mdiria hujishikiza hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi, akikupa sekunde chache za kujifunza fokasi. Butiama, mna mawe na mna pimbi wa kuota jua. Halafu mna historia. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alisema waziwazi kwamba yeye si mtu wa kumaliza likizo akitazama mamba. Na bado Septemba 1961 alitoa Ilani ya Arusha, akiahidi wanyama hawa watatunzwa. Wanahistoria wamelifafanua jambo hilo kwa namna nyingi. Ufafanuzi wa kitaalamu ni mmoja: hakuwahi kupewa lenzi ya kutosha.

Mzee wa Kunzugu amenyoosha fimbo. Karibu, mzee wangu, kwa kifupi.

Anauliza kama ni kweli lenzi hii inamsogeza tembo. Naam, mzee, inamsogeza. Tembo wa mita 100 unamwona kama yuko mlangoni.

Anasema wake yuko mlangoni. Anauliza kama dukani ipo ya kumrudisha.

Tafadhali, msicheke, hili ni swali la kisayansi na lina jibu. Mzee, tembo wako yuko umbali gani? Mita 15, kwenye mahindi. Vizuri sana. Kwa umbali huo lenzi ya 600 inaona sentimita 90: jicho moja na pindo la sikio. Ya 150 inaona mita tatu na zaidi ya nusu, haimtoshi. Ya 100 inaona mita tano na zaidi kidogo, hapo anaanza kuingia. Kwa hiyo wewe, mzee, usinunue 150-600 hata kidogo. Nunua 100-400. Mnaona, wajumbe? Hakuna tatizo lisilo na lenzi yake.

Anasema huja usiku. Basi hapo turejee kanuni ya pili.

Anasema usiku wanatoka na matochi, wanapiga madebe, wanachoma pilipili, na bado gunia la mahindi linaondoka. Mzee wangu, nakuonea huruma kwa moyo wote, lakini tochi inaharibu mwanga wa asili, na moshi wa pilipili unakaa kwenye kioo. Ukipiga madebe, tembo anageuka, unapata picha ya makalio. Watu husafiri kutoka Ulaya kwa ndege mbili, wanalipa lodge na gari, kumtafuta huyo huyo tembo aliyekuja kwako bila nauli. Jaribu kuliona hilo kama fursa.

Anasema fursa hiyo imekula ekari mbili. Ahsante, mzee, kaa, nimekuelewa.

Waheshimiwa, naelekea mwisho. Mwaka 1974 TANU ilikaa katika mji huu ikatoa Azimio la Musoma, kwamba watoto wote waandikishwe shule. Mji wa heshima hiyo hauwezi kuishi na azimio moja tu. Naomba katibu aandike. Moja: mwenye kupiga wanyama wakubwa kutoka garini aanze na 100-400, na mwenye kufuata ndege atafute 150-600 au ndugu zake. Mbili: mtu asome namba ya f kabla ya kutoa pesa, na aazime lenzi ya rafiki kwa siku moja kabla ya kuuza ng'ombe. Tatu: hela ikibaki, iende kwenye mafuta ya gari na alfajiri nyingi, maana aliyekaa karibu na mnyama kwa muda mrefu humshinda mwenye lenzi ya mbali; azimio hili lisitangazwe sana, linaharibu soko la semina. Nne: suala la tembo wa mzee liingizwe kwenye mengineyo.

Mengineyo, kama mjuavyo, hujadiliwa muda ukiruhusu. Katibu ananionyesha saa, muda haujaruhusu. Soda ziko nje. Vyeti ni shilingi elfu kumi, na risiti itatolewa mtandao ukirudi.