Nyoka Aliyeongea Kiswahili

Mtu aliyeshiba pilau hana ubishi. Ndiyo hesabu niliyoipiga Jumapili ile baba mkwe na mama mkwe walipokuja kututembelea. Nilimkalisha mzee kwenye kochi lililo karibu na feni, nikamsogezea stuli ya miguu, na soda yake haijafunguliwa nikamtangazia, "Baba, leo nakuonyesha picha bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa."

Mke wangu akatoa kichwa kwenye mlango wa jiko. "Baba Neema, si tulikubaliana mpira?"

Tulikubaliana mpira. Ila mechi ilikuwa ya jioni, na mimi flashi nilishaichomeka.

Picha yenyewe ni Anaconda, ya mwaka 1997. Kwa ambaye hakubahatika: kikundi cha wapiga filamu kinapanda mashua kwenye mto Amazon kutafuta kabila lililojificha msituni. Njiani wanamwokoa mwanamume mmoja aliyekwama, kumbe ni mwindaji wa nyoka, na kumbe ana mipango yake. Nyoka anatokea, anawamaliza mmoja mmoja. Basi. Yupo Jennifer Lopez, yupo Ice Cube, na mwindaji ni Jon Voight, mtu ambaye tayari alikuwa na Oscar kabatini lakini humu anakunja mdomo muda wote kama aliyeng'ata ndimu.

Wahakiki wengi waliichinja. Kule Marekani kuna tuzo ziitwazo Razzie, alizozianzisha John J. B. Wilson nyumbani kwake Los Angeles mwaka 1981, ambazo kila mwaka hupewa waliovurunda kuliko wote. Zawadi ni sanamu ya tunda lililopuliziwa rangi ya dhahabu, bei yake haifiki dola 5. Anaconda iliteuliwa mara sita. Nyoka mwenyewe, ambaye ni mashine, aliteuliwa kama msanii mpya mbovu wa mwaka, kisha akateuliwa tena pamoja na Voight kama wawili wasioendana. Akashindwa kotekote, na kotekote aliyembwaga ni Dennis Rodman, mcheza kikapu, aliyeigiza na Van Damme. Nyoka wa watu wakamtoa mikono mitupu, hata ubovu hawakumpa.

Hainisumbui. Rambo ya pili, ile ya mwaka 1985, ilibeba Razzie ya picha mbovu kuliko zote, na sisi huku tukaipokea kwa heshima mpaka mifuko ya plastiki ikaitwa rambo. Mtu anakwenda gengeni anaomba nyanya na rambo moja. Aliyekuja kumwondoa Rambo mitaani siyo mhakiki, ni serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019.

Isitoshe, ninaye shahidi. Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa kuliko wengi Marekani, aliipa Anaconda nyota tatu na nusu kati ya nne. Jambo hili nimelieleza kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala, na mara moja, kwa bahati mbaya, msibani. Picha iligharimu dola milioni 45 na kuingiza kama milioni 136, maana yake kuna watu wengi duniani wanaoipenda na wamenyamaza tu. Mimi ndiye msemaji wao.

Sasa lipo jambo dogo ambalo sikumwambia mzee, kwa kuwa hata mimi sikuwa nimelifikiria. Picha hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kuiona niliiona, tena mara kumi na moja, Manzese, nikiwa darasa la tano. Tulikuwa na banda umiza nyuma ya mashine ya kusaga. Jina linajieleza: mabenchi ya mbao yanaumiza mgongo, joto linaumiza kichwa, na mwenye banda anaumiza masikio ya asiyelipa. Kiingilio shilingi 50. Ukikosa, unapiga chabo kwenye tundu la gunia lililozibia dirisha, na ukikutwa unamwagiwa maji. Juu ya tivii lilikuwapo deki la mkanda, na pembeni, juu ya kreti la soda, alikaa Mjomba.

Mjomba ndiye aliyekuwa anatafsiri. Siku hizo Dar es Salaam Lufufu alikuwa anajijengea jina kwa kazi hiyo. Wakenya nao baadaye wakampata DJ Afro, na Waganda wana vijee wao mpaka leo. Wa kwetu hakufika huko. Kiingereza chake alikiokota bandarini, kwa hiyo kilikuwa kimejaa matusi na majina ya mizigo. Alipunguza sauti ya picha mpaka mwisho, akashika kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, akatueleza yanayoendelea. Tulimwamini kama mtabiri wa hali ya hewa, yaani zaidi kidogo ya alivyostahili.

Katika Anaconda ya Mjomba, Jon Voight alikuwa mganga wa Sumbawanga aliyefunga safari mpaka Brazil kumdai nyoka deni la babu yake. Jennifer Lopez alikuwa Dada Jeni, kaolewa na mtu asiyemjali, ndiyo maana ana uchungu. Nyoka aliitwa Bi Mkubwa. Alikuwa na hoja zake, alikuwa na historia yake mtoni pale, na zaidi ya yote alikuwa anaongea. Kwenye picha nyoka yule hupiga kelele, kitu kama breki za lori na paka kwa pamoja. Mjomba alizitafsiri zile kelele. Mara ya kwanza Bi Mkubwa alipoinua kichwa majini akapiga ukelele, Mjomba alisogeza kipaza sauti mdomoni akanong'ona: "Nani ameingia mtoni kwangu bila hodi?"

Watoto arobaini tulikunja miguu juu ya benchi kwa mpigo mmoja.

Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa steringi. Sheria ya banda ilikuwa moja tu: steringi hafi. Lakini humu yule mwanamume mtanashati, mwenye sura na kifua cha usteringi, anaingia majini kuzamia, nyigu aliyejificha kwenye kipumulio anamuuma kooni, wanamtoboa shingo apate hewa, halafu analala. Analala karibu picha nzima! Wenzake wanaliwa, yeye kalala. Banda likaanza kunung'unika, na kunung'unika kwa watu waliotoa shilingi 50 si mchezo. Mjomba akasema kwa utulivu, "Msimwone kalala. Anakusanya." Tukangoja. Kuelekea mwisho yule bwana anafumbua macho, anamchoma mganga sindano ya usingizi, na papo hapo anazimia tena. Nimekuwa uwanjani Simba na Yanga wakicheza, lakini kelele kama za siku ile sijazisikia.

Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nimeitetea miaka yote. Iliyokuwa kwenye flashi, niliyowekewa kwa shilingi 1,000 na kijana wa duka la kuingiza nyimbo kwenye simu, ilikuwa nyingine.

Niligundua mapema mno. Picha inaanza na maandishi, na mzee alifundisha baiolojia sekondari miaka 34. Bado anashika kijiti cha kuchokolea meno kama anashika chaki. Akayasoma maandishi kwa sauti, mstari kwa mstari, huku kijiti kikitembea hewani. Yanasema anakonda anaweza kufika futi 40.

"Mita 12," akasema mzee. "Anakonda akifika mita sita watu wanaitana kuja kumtazama. Kosa."

Yanasema nyoka huyo hamezi akaridhika, bali humtapika aliyemmeza ili aue na kula tena.

"Nyoka akitapika ni kwa sababu ameshtuliwa, anataka awe mwepesi akimbie. Anayetapika ili aendelee kula si nyoka, huyo ni mtu wa harusini. Kosa." Akanigeukia. "Wamepata sifuri kati ya mbili, na picha haijaanza."

Mama mkwe alikuwa mkekani, ameipa tivii mgongo, anachambua mchele wa jioni. Yeye na nyoka, alisema, hapana, hata wa kuchorwa.

Dakika zikaenda. Watu kwenye mashua wakawa wanaongea Kiingereza, na kwa mshangao wangu walikuwa hawasemi chochote cha maana. Mganga wa Sumbawanga alitokea. Hakutaja deni, hakumtaja babu. Dada Jeni hakuwa na mume. Nilijikuta namwambia mzee, "Subiri, Baba, sasa hivi atasema neno moja hapa," na lile neno halisemwi. Tena: "Subiri, Baba." Halisemwi. Kufikia mara ya nne baba mkwe alikuwa haitazami tivii, ananitazama mimi, kwa jicho la mwalimu aliyekuta majibu yameandikwa mkononi.

Kisha Bi Mkubwa akainuka majini akapiga ukelele wake.

"Nyoka hana nyuzi za sauti," akasema mzee. "Anapuliza tu hewa, sss. Hawezi kulia hivyo."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Anasema, nani ameingia mtoni kwangu bila hodi."

Sebule ikawa kimya, feni tu inazunguka. Mzee alimtazama binti yake taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka ng'ombe walikuwa wangapi na kama bado wapo wote.

Sauti ikatoka mkekani. "Ana haki," alisema mama mkwe, bado ametupa mgongo. "Watu siku hizi wanaingia tu."

Lililokuja kunimaliza ni maporomoko ya maji. Ipo sehemu mashua inaondoka, na nyuma yake yanaonekana maporomoko. Mzee akanyanyuka kitini.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kijiti juu ya maporomoko.

"Maji yanapanda."

Na kweli yalikuwa yanapanda. Wenye picha waliuendesha ule mkanda kinyumenyume ili mashua iende watakako, wakasahau kwamba na maji yatageuka. Mara kumi na moja nimeyaona maji yale yakipanda mlima na hayakunishtua hata siku moja, kwa sababu Mjomba alikuwa amelimaliza jambo hilo kwa maneno mawili.

"Mto umelogwa," nilisema, kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipowasamehe wahakiki wote. Masikini, walikaa kwenye viti vyao vya sufi, ndani ya kiyoyozi, wakaonyeshwa picha hii kama ninavyoitazama mimi sasa, bila mtu wa kuwaambia kwamba mto umelogwa, steringi anakusanya nguvu na nyoka anadai hodi. Kila palipotoboka Mjomba alishona. Wao waliletewa nguo ina matundu, wakaandika kwamba ina matundu. Sijui Ebert aliketi na nani.

Mita ya umeme ilikuwa inalia tangu asubuhi. Niliisikia, nikadhani ni simu ya jirani. Picha ikafika pale mganga anapojaribu kupanda ngazi na Bi Mkubwa nyuma yake, mdomo umeachama, meno yote nje, na Dada Jeni anatazama kutoka juu, umeme ukakatika. Wala si wa mtaa mzima. Ni wa kwangu, niliousahau kununua. Mke wangu hakusema neno. Alichukua pochi akatoka kwenda kwa wakala wa kona, na namna alivyofunga mlango nilitafsiri bila msaada wa mtu.

Feni ikasimama. Nikabaki na wakwe zangu katika joto la saa tisa, pazia zimefungwa kwa ajili ya sinema.

"Kwa hiyo?" ikauliza sauti mkekani. Mama mkwe alikuwa amegeuka. Sijui tangu lini; ungo wa mchele ulikuwa kando, umesahaulika. "Anamkamata, hamkamati?"

Nikakohoa. Nikakaa kwenye ukingo wa stuli ya miguu ya mzee, na rimoti ya tivii, Mungu anisamehe, nikaisogeza mdomoni. Nikaanzia pale pale ngazini, lakini ikabidi nirudi kwenye deni la babu, maana bila deni huwezi kuelewa kwa nini mganga hakukimbia mapema. Nikamleta Dada Jeni na mume wake asiyemjali. Mama mkwe akasema alijua tu, sura ile si ya mtu mwenye raha nyumbani. Mzee aliuliza yule kijana aliyelala, kitaalamu, anapumua kupitia wapi. Nikamweleza shingo ilivyotobolewa, akatikisa kichwa akasema hiyo sasa inawezekana. Ilikuwa vema yake ya kwanza mchana ule.

Nikiwa nimefika kwenye tumbo la nyoka, taa zikawaka. Feni ikakohoa ikaanza kuzunguka, na tivii ikajiwasha na kurudi mwanzo kabisa, kwenye yale maandishi ya futi 40, na muziki juu.

"Izimeni hiyo," alisema mama mkwe, "inatuvuruga."

Mzee akanyoosha mkono, akanichukulia rimoti mdomoni, akazima tivii, akanirudishia.

"Baba Neema. Nyoka hana nyuzi za sauti, hilo tumelimaliza."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Kamezwa. Nyoka akasema nini?"