Barua za Wenye Dhiki: Waliozidiwa na Vitu Vidogo

Wasomaji wa safu hii, waliozoea kuniandikia habari za wakwe, madeni na mirathi, mwezi huu wameniletea dhiki za namna nyingine, maana yaonekana maradhi ya kupiga picha vitu vidogo kwa karibu yameenea mwambao mzima, na waliopatwa nayo hawalali wala hawawaachi wenzao walale. Nimeteua barua chache za hao. Zile za mirathi zitangoja, kwa kuwa marehemu hawana haraka.

*Bwana Mshauri, niliuza baiskeli yangu nikanunua lenzi ambayo muuzaji aliniapia kwamba tundu lake hufunguka hadi f/2.8 na kwamba haina mfano. Nikimpiga panzi picha, sehemu ya jicho yatokea safi, na mwili uliobaki, tangu shingo hata miguu, umezama ukunguni. Je, nimepunjwa? – Mwenda kwa Miguu, Pangani.*

Ndugu yangu, hukupunjwa. Ulipewa ulichokilipia, nawe ukakitumia chote kwa mkupuo mmoja. Tundu likiachwa wazi kabisa nuru huingia kwa wingi, walakini kile kina cha picha kinachoonekana dhahiri, kutoka mbele kwenda nyuma, hupungua. Na kadiri unavyomsogelea panzi ndivyo kina hicho kinavyozidi kukonda, hata ukifika pale ambapo sura yake ndani ya kamera yalingana na umbo lake mwenyewe, basi kwa f/2.8 umebakiwa na takriban theluthi moja ya milimita, ambayo haimtoshi panzi hata kwa jicho. Funga tundu hadi f/11, nawe utapata milimita moja na ushei. Si utajiri, lakini jicho litapata wenzake. Wala usibabaishwe na hesabu inayokwenda kinyumenyume, kwani namba hiyo ni kigawanyo: lenzi yenye urefu wa milimita 100, ikiwekwa kwenye f/4, huwa na tundu la milimita 25, na ikiwekwa kwenye f/16, tundu hilo hubaki milimita 6 na robo.

Najua utakalofanya baada ya kusoma haya: utalifunga tundu mpaka mwisho wake, kwa tamaa ileile iliyoiuza baiskeli. Usifanye hivyo. Nuru inayolazimishwa kupita katika tundu dogo mno hutawanyika kingoni, na picha nzima, hata lile jicho, huingia ulegevu. Kwa hiyo baki baina ya f/8 na f/16, na mpige panzi ubavuni, kamera ikiwa sambamba na mwili wake, ili ule wembamba wa milimita uliojaaliwa uenee tangu kichwa hata mkia badala ya kumkata katikati. Mambo haya ya tundu, kwa hakika, si ya jana. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Misri katika karne ya 11, aliandika risala juu ya jua lililopatwa, akabainisha kwamba nuru ya jua hilo ikipita katika tundu dogo huchora hilali upande wa pili, na tundu likiwa pana hilali hiyo hupotea. Naye hakuuza chombo chochote cha usafiri ili alijue hilo.

Jambo la mwisho kwako: ukiwa karibu kiasi hicho, usihangaike kuzungusha pete ya lenzi, iache ilipo, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma, kidogo kidogo, hata jicho la panzi lijitokeze, ndipo ubonyeze.

*Mshauri mheshimiwa, mke wangu huniacha kitandani kabla jua halijachomoza akaenda shambani na kamera, akarudi saa mbili amelowa umande mpaka magotini, akisema kwamba alikuwa na kereng'ende. Majirani wameanza kunong'ona. – Mume Mpweke, Mambrui.*

Mke wako ni mwanamke mwenye akili, na majirani ni majirani. Mdudu hana joto lake la kutegemea. Hulikopa kwa jua, na maadamu jua halijamkopesha, hukaa juu ya unyasi amezubaa, mabawa yamemlowa, na upepo aghalabu haujaamka. Ukimwendea saa sita mchana utamkuta ana nguvu za kukukimbia, na jua liko utosini, likimtupia kivuli cheusi chini ya kichwa na weupe wa kuumiza macho mgongoni. Fauka ya hayo, lenzi ikikaribia kiasi cha sura kulingana na umbo, nuru inayofika ndani ya kamera hubaki robo tu ya ile ambayo ingefika kwa kitu cha mbali, hivyo mpiga picha huwa fakiri wa nuru wakati ule ule anapoihitaji mno.

Dawa yako ni kuamka naye, kwani ana haja ya mtu wa kushika kitambaa. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa umbali wake ni kama taa ndogo tu mbele ya kereng'ende, na taa ndogo hutoa kivuli kikali. Shika kitambaa cheupe chepesi shubiri moja kutoka kwa mdudu, baina yake na jua, na kitambaa hicho ndicho kitakachokuwa jua lake jipya, pana na la upole, kisha upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe nuru penye giza. Leso ya rangi usiilete, maana mdudu atatoka na rangi yake; na maneno yaliyoandikwa humo, hasa ikiwa yalinunuliwa kwa ajili yako, yaache nyumbani.

*Mimi ni sonara. Kila pete ya fedha ninayoipiga picha, ndani yake naonekana mimi nimekodoa macho. – Kijana wa Mombasa.*

Fedha iliyosuguliwa haina sura yake. Huonyesha kilichoizunguka, na kwa sasa kilichoizunguka ni wewe. Iweke karibu na dirisha, izungushie karatasi nyeupe pande zote kama kihema, toboa tundu la kupitishia lenzi, na usimame mbali kadiri lenzi itakavyokuruhusu. Pete ikikosa mipaka kwa weupe, chomeka humo kipande chembamba cha karatasi nyeusi, nayo itapata mstari wa kuionyesha umbo lake. Fleshi ya kamera izime.

*Sina lenzi wala sonara. Nina simu, na kila nikikaribia ua la asumini hukataa kuliona. – Mwanafunzi, Tanga.*

Kila lenzi ina umbali ambao ukiupita haioni tena, na ya simu si tofauti. Rudi nyuma kidogo hata ua litokee safi, gusa ua hilo kwenye kioo ili simu ijue unalolitaka, piga, kisha kata kingo baadaye. Kabla ya yote hayo futa lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu nusu ya ukungu unaolalamikiwa katika barua za vijana ni mafuta ya sambusa.