Jinsi ya Kuozesha Peugeot 504 Mahali Pasipo na Bahari

Mwenye gari Mombasa ana wa kumlaumu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hushika unyevu juu ya bati, na kutu huanza kula kingo za milango mwenyewe akitazama. Nakuru hatuna udhuru huo. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jina lake husemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ukitaka gari lioze huku, itabidi ulisaidie. Bidii hiyo nimeiona Njoro, Bahati, Molo na Gilgil, nyuma ya nyumba za watu ninaowapenda, na kila mara huniuma.

Kwanza chagua gari lenye heshima zake. Peugeot 504 inafaa kabisa, Pijo ya wazee wetu. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa Mombasa, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ile ndefu, ya safu tatu za viti, ndiyo iliyotupeleka Nairobi na Eldoret tukiwa tumebanana magoti kwa magoti. Kuna watoto waliolipiwa karo na gari hilo mpaka chuo kikuu.

Stata ikikataa, sema, "Nitalitengeneza mwezi ujao." Maneno hayo yameua magari mengi Bonde la Ufa. Kisha lisukume hadi kwenye nyasi, chini ya mgrivilea. Majani yataanguka chini ya kioo cha mbele na kuziba vijia vya maji. Mvua ya Aprili itaingia ndani, na kapeti litainywa na kuihifadhi. 504 haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo chasisi, kwa hiyo sakafu ikioza uti wa mgongo umekwenda. Lifunike pia kwa nailoni ili unyevu wa ardhini ukose pa kutokea. Usifungue kifuniko cha mafuta ya breki: yanafyonza maji yenyewe, na pistoni zitashika bila msaada wako.

Lakini njia ya uhakika kuliko zote ni mirathi. Mzee akifariki, iache logibuku kwa jina lake. Hapo hakuna anayeweza kuliuza gari, na anayetaka kulitengeneza ataulizwa kimoyomoyo kama anajitwalia. Mimi nayajua haya. Gari la baba lilikaa juu ya mawe miaka kumi na moja. Ndugu wanne, kila mmoja analipenda, kila mmoja anaogopa kuligusa. Krismasi tulilizunguka, tukapiga picha, tukarudi mezani. Kaka mkubwa alikuwa akipangusa taa kwa leso, basi.

Siku tuliyofungua mlango wa nyuma, kuku alikuwa ameatamia mayai kwenye kiti alichokaa mama akienda kanisani. Kinyesi kilikuwa kimekula rangi ya kizingiti mpaka kwenye bati. Nje, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amesimama na mizani yake, kwa sababu gari la namna hiyo hununuliwa kwa kilo, kama viazi. Sikuweza kustahimili. Nilimwomba aende zake.

Tulikubaliana jioni ile, sote wanne, kufungua kesi ya mirathi kwa ajili ya gari peke yake kama ingebidi. Halafu nilichukua bisibisi, nikalala chini kwenye tope, nikaanza kuchoma bodi shubiri kwa shubiri. Sakafu ya abiria ilitoboka kama mkate uliolowa. Chini ya buti, vivyo hivyo. Nikasogea upande wa dereva, pale baba alipokuwa akikanyaga kila asubuhi akiingia, nikasukuma kwa nguvu zote.

Ikagota. Nikachoma tena pembeni, ikagota. Kaka akaniita kutoka juu, "Vipi?" Nikamwambia amwite fundi aje na mashine ya kuchomelea.