Namna ya Kuwa Bingwa wa Majina ya Ukoo kwa Jioni Moja

Unataka kuonekana msomi pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, bila kufungua kitabu? Sogea karibu. Njia ya mkato ni majina ya ukoo, hasa yale yaliyotokana na kazi. Kanuni zake ni chache, na hakuna binadamu anayechoka kusikia habari za jina lake. Agiza kahawa na kashata, kisha fuata hatua hizi.

1. Anza mbali. Ukianza na jina la aliyekaa ubavuni mwako, atakusahihisha. Anzia Ukraine. Si nchi ngeni kwetu: vita vilipolipuka Februari 2022, mamia ya watalii wa huko walikwama hapa Unguja. Mtaje Andriy Shevchenko aliyechezea AC Milan, mshindi wa Ballon d'Or ya 2004, na wapenzi wa mpira wote watakugeukia. Waambie kwamba kwa Kiukreni "shevets" ni mshona viatu, na "-enko" ni alama ya mtoto au kizazi. Basi Shevchenko ni mtoto wa mshona viatu. Ongeza Kovalenko, mtoto wa mhunzi, na Bondarenko, mtoto wa fundi mapipa. Koma hapo. Majina matatu yanatosha kukupa uprofesa.

2. Kata mkia. Sasa rudi Mji Mkongwe. Majina mengi yaliyovuka bahari kutoka Gujarat na Bombay yanaishia na "-wala", yaani mtu wa kitu fulani. Ondoa mkia huo, bidhaa itabaki mkononi mwako. Lokhandwala: "lokhand" ni chuma. Attarwala: manukato. Daruwala, jina la Maparsi: "daru" ni pombe. Hilo la mwisho liseme kwa sauti ya chini.

3. Kariri yasiyo na mkia. Soni ni sonara. Darji ni fundi cherehani. Kapadia ni muuza vitambaa. Mehta ni karani wa hesabu. Mistry ni fundi stadi, seremala au mwashi. Akiba yako kubwa iwe Gandhi, jina la wauza duka. Baba yake Mahatma Gandhi alikuwa waziri mkuu wa dola ya Porbandar, na babu yake vilevile, lakini jina la duka halikuwatoka. Cheo hupita, jina la kazi hubaki.

4. Ruka mitego miwili. Hapa ndipo wengi huumbuka. Mtego wa kwanza ni Bulsara, jina la Farrokh aliyezaliwa mjini hapa tarehe 5 Septemba 1946 na baadaye akajulikana duniani kama Freddie Mercury. Usilitafutie kazi, linatokana na Bulsar, mji wa Gujarat unaoitwa sasa Valsad. Mtego wa pili ni al-Haddad. Kwa Kiarabu haddad ni mhunzi, ila Sayyid Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyefariki 1720 na ambaye Ratib yake inasomwa hadi leo katika pwani yetu, hakutoka ukoo wa wahunzi. Husimuliwa kwamba mmoja wa mababu zake alipenda kukaa kwenye duka la mhunzi, na jina likamganda. Ukiwa na shaka, sema "husimuliwa". Neno hilo limeokoa heshima za wengi.

5. Maliza nyumbani. Sisi hufuatanisha jina la mtu, la baba na la babu, kwa hiyo kazi hujificha humo ndani. Chukua Nahodha, jina alilolibeba Shamsi Vuai Nahodha, Waziri Kiongozi wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Ni neno la majahazini lenye asili ya Kiajemi: bwana wa chombo. Kisha mtaje Seif Sharif Hamad. Aliacha kufundisha akaingia siasa, akawa Waziri Kiongozi, kisha Makamu wa Kwanza wa Rais, na mpaka alipofariki Februari 2021 watu walimwita Maalim. Hivyo ndivyo jina la kazi linavyozaliwa: watu hulitoa wenyewe, wala hawaombi ruhusa ya ofisi yoyote.

6. Usimbishie mwenye mfalme. Hakosekani barazani mtu ambaye babu yake alikuwa mtawala wa Shiraz. Mwache amalize, kisha muulize kwa upole: "Na babu mzaa babu yako, yakhe, riziki yake ilikuwa nini?" Hapo habari tamu huanza kutoka: mchonga milango, mwunda majahazi, mchoma chokaa, mkwezi wa minazi. Msifu fundi huyo, na umsifu kwa dhati. Wafalme walikaa katika nyumba za mji huu. Mafundi ndio waliozijenga.

7. Kamilisha ubingwa wako. Hatua hii ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo yenye faida kuliko zote. Usiku huu huu mwendee mzee mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu, mpe shikamoo, umuulize babu yake alifanya kazi gani na watu walimwitaje. Andika jibu lake neno kwa neno, pamoja na majina ya vifaa vyake. Habari za masultani zimeshaandikwa vitabuni. Za mafundi wetu zimo vifuani mwa wazee, na wazee hawatungoji. Nenda ukaulize.