Shemeji, Huyo Si Wa Bahari ya Shamu

Asubuhi, mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Shakwe mmoja mweusimweusi akatokea baharini, na shemeji yangu akaruka: "Jicho-jeupe!" Huyo ni mwenyeji wa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, Kenya haonekani ila kwa nadra. Nikamwambia yule ni shakwe-masizi, ambaye huzaliana hata kwenye visiwa vya Kiunga, humuhumu Kenya. Dau: biriani. Hoja zake nazipanga kuanzia iliyokuwa upuuzi mtupu.

6. Umbo. "Mdogo huyu!" Mdogo kuliko nani, shemeji? Angani peke yake hana wa kupimwa naye. Na tofauti yao ni sentimita chache tu.

5. Mbawa nyeusi kwa chini. Wote wawili wanazo. Tuendelee.

4. Kola nyeupe shingoni. Hiyo pia wanayo wote. Shemeji alianza kunywa chai kwa hasira.

3. Kichwa cheusi. Hapa alikuwa na hoja: jicho-jeupe kichwa chake ni cheusi, cha masizi ni cha kahawia. Ila ukiikabili Bahari ya Hindi saa moja asubuhi, jua liko machoni, na kila kirukacho ni cheusi. Mimi mwenyewe niliwahi kuufuata mfuko wa plastiki kwa darubini dakika nzima. Mifuko hiyo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, kwa hiyo kwa namna fulani nao ulikuwa wa nadra.

2. Jicho. "Nimeliona jeupe!" Basi hukuliona, shemeji. Jicho la jicho-jeupe ni jeusi! Cheupe ni vile vipande viwili vya mwezi mwandamo, kimoja juu ya jicho na kingine chini. Na masizi naye kajipaka cha juu, sijui ili kutukomoa. Jina lenyewe ndilo mtego: mtaalamu wa ndege Temminck alimwandika kwa Kigiriki "jicho jeupe" mwaka 1825, na tangu hapo watu wanagombana ufukweni.

1. Mdomo. Ndege akageuka, jua likampiga ubavuni. Mdomo wa jicho-jeupe ni mwembamba, mrefu, mwekundu, ncha nyeusi. Huu ulikuwa mnene kama wa mtu aliyezoea kubisha, manjano ya kijanikijani, nyekundu na nyeusi zikiwa mwishoni tu.

"Labda ni kinda," akasema shemeji.

Kinda la jicho-jeupe mdomo wake ni mweusi tii.

"Labda anaumwa."

Biriani alilipa, ya kuku. Ya mbuzi alidai imekwisha kabla hata ya kumuuliza mpishi. Wakati nanawa mikono nikachungulia daftari lake la ndege. Tarehe, Sabaki, na mbele yake: "Jicho-jeupe, 1. Shahidi: shemeji."