Upepo Ndani ya Paipu

Paipu ilipasuka saa mbili na nusu asubuhi, shosho akiwa ameingia jikoni kuchukua chumvi. Chumvi hiyo ndiyo iliyomwokoa. Kiti chake kilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa ule mtambo, na tulipokiangalia baadaye tulikuta kigae cha plastiki, kirefu kama kisu cha kumenyea waru, kimezama katika egemeo la mbao.

Mtambo wenyewe ulianza kwa nia njema. Baba watoto huendesha kanta, anatoa viazi Molo kuleta Nakuru. Njia yake ni mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, ambao familia za madereva huku kwetu tunaujua kwa misiba. Malori mazito humfuata mtu kwa karibu sana pale, na kihoni cha umeme cha kanta hakimshtui yeyote. Akanunua honi za upepo, tarumbeta mbili zilizotoka kwenye lori kuukuu. Lakini breki za kanta yetu ni za mafuta. Haina tangi la upepo kama lori kubwa. Akaamua kulitengeneza mwenyewe, pale verandani kwetu Free Area.

Alichomoa kompresa ya friji yetu iliyoharibika, friji ambayo nilikuwa nikiiwekea pesa za fundi kidogo kidogo, na hakuniambia. Tangi likawa kipande cha mita moja cha paipu ya inchi nne, ile ya maji taka, kilichobaki tulipojenga choo. Akaziba ncha mbili kwa vifuniko na gundi, akatoboa, akatia valvu ya tyubu na geji. Siku nne nyumba ilinuka gundi.

"Baba yao, si hiyo ni paipu ya choo?"

"Ni ngumu, mama. Igonge usikie."

Nikaigonga. Kweli ilikuwa ngumu, nami nikanyamaza, na kunyamaza huko bado kunaniuma. Ugumu ule ndio ulikuwa hatari yenyewe. Chuma kizuri kikizidiwa huvimba au huchanika mahali pamoja. Plastiki ile huvunjika kama kioo, na asubuhi ya baridi ya Julai huzidi kuvunjika kwa urahisi. Isitoshe, kompresa ya friji haijui kuchoka: bila valvu ya usalama, itasukuma mpaka kitu kiachie.

Mara ya mwisho geji ilisoma PSI 90, kama mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Kisha mlio. Pipa la maji lilitoboka mahali pawili, sufuria ya shosho ikabonyea, na kijana wetu, aliyekuwa mlangoni, masikio yakamlia hadi Jumapili jioni. Daktari alisema hakuna kilichopasuka ndani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye benchi.

Usiku ule binti yetu wa sekondari alifungua daftari la fizikia akapiga hesabu, baba yake akimwangalia. Kifuniko cha upana wa sentimita 10 kina eneo la karibu sentimita 78 za mraba. Kwa PSI 90 za geji, kila sentimita ya mraba husukumwa kwa zaidi ya kilo 6. Jumla, karibu kilo 490. "Ni magunia kumi ya kilo 50," baba yake akasema polepole. Ni mtu anayebeba magunia kila siku. Hesabu ile ilimwingia kuliko maneno yangu yote. Marekani, idara ya usalama kazini ilitoa onyo kuhusu upepo katika paipu za plastiki mwaka 1988. Sisi tulifundishwa na kiti cha shosho.

Hakuacha honi, wala sikumtaka aache. Ule mteremko bado upo. Alikwenda jua kali, akapata tangi la chuma la lori lenye alama ya presha yake na tundu la valvu ya usalama. Fundi alilijaza maji hadi juu, asibakize upepo hata kidogo, ndipo akalisukuma kwa pampu ya mkono kupita kiwango cha kazi. Maji hayabanwi kama upepo. Tangi bovu likiwa na maji huvuja tu. Likiwa na upepo huua. Lile halikuvuja. Sasa limefungwa chini ya kanta, na kila jioni kijana hufungua koki ya chini kumwaga maji yanayojikusanya ndani, yasije yakalila chuma.

Friji bado haina kompresa.

Wewe msomaji, kama una paipu ya plastiki yenye upepo gerejini au chini ya kiti cha gari, usiigonge wala usiisogeze. Zima pampu, ondoa watu, toa upepo taratibu hadi geji isome sifuri, kisha uikate kwa msumeno. Ifanye leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule.