Sampuli za Paka

Mjomba,

Mwangaluka! Huku hakuna wa kuniitikia, kwa hiyo najisalimia na kujiitikia mwenyewe.

Uliuliza Leeds nafanya kazi gani. Barua hii usiwasomee wachimbaji wenzako wa Nyarugusu: wiki hizi mbili natoboa masikio ya paka.

Paka ni wa bibi mwenye nyumba. Anaitwa Percy, ana kilo saba na kisukari. Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Ulimi wa paka hauonji utamu kabisa, ndivyo alivyoumbwa. Maskini kapata ugonjwa wa kitu asichokijua ladha. Bibi kaenda kwa mwanawe, kaniachia sindano za insulini, saa moja asubuhi na saa moja jioni, naye kapunguza kodi. Kwa kodi za huku ningemchoma hata chui.

Sindano si kazi: anakula, unainua ngozi, unachoma, hana habari. Kazi ni kupima sukari. Unatia mchele mkavu kwenye soksi, unaupasha, unaliwekea sikio lipate joto, kisha unatoboa ukingoni. Tone linatoka dogo kama chembe ya dhahabu kwenye karai. Stripu ikilikosa, unaanza upya, na Percy keshajua nia yako. Mikono yangu ukiiona utadhani nimejenga boma la miiba.

Daktari wa mifugo yupo, na Percy tulimpeleka kwake. Njia nzima alilia kikapuni, akapimwa mezani: 22. Tukarudi, akalala dirishani mpaka akakoroma, nikampima: 12. Daktari hakushangaa. Paka akiogopa, sukari hupanda. Ndiyo maana alitaka apimwe nyumbani, kila baada ya masaa mawili, kutwa nzima.

Basi Jumamosi nikampima: saa moja kabla ya sindano, 18.4. Saa tatu, 14. Saa tano, 9.1. Saa saba, 5.8, na hapo nikasimama na chupa ya asali mkononi, maana ikishuka mno paka huyumba kama katoka kilabuni, na huduma ya kwanza ni kumpaka asali kwenye fizi. Asali yenyewe ni ile ya Tabora uliyonipa, niliyowaficha wapangaji wenzangu mwaka mzima. Bahati yake, na yangu, hakuyumba. Saa tisa, 7.6. Saa kumi na moja, 12.

Wewe utanielewa. Ukisaga mawe ya mdomoni mwa duara tu, ukaosha, umejua nini kuhusu chini? Ile 18 peke yake ingetutia tamaa ya kuongeza dozi, na saa saba tungekuwa tunachimba kaburi. Daktari kaisoma orodha nzima, kaacha dozi ilivyo.

Sasa shangazi na kisukari chake. Yeye hupimwa siku ya kliniki tu. Mashine niliyomtumia Krismasi nasikia iko kabatini, chini ya vitenge. Itoe. Apime asubuhi kabla ya uji, siku nyingine masaa mawili baada ya ugali, aandike namba na saa, na daftari aende nalo kliniki. Boksi mbili za stripu anazo binamu, anatua Mwanza Ijumaa. Nimezinunua dukani. Za Percy ni za wanyama, sijazigusa.